Nilikuja Kuaga, Sikuja Kualika

Al Twar, Dubai
Ijumaa, baada ya chakula

Kwa Shemeji Yaqoub,
Mwenyekiti wa Kamati ya Safari ya Italia, kamati ambayo sikumbuki kuiunda.

Shemeji mheshimiwa,

Assalaamu alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na mkeo na mama mkwe wangu Bi Shifaa, na kwamba mizigo yako ya bandari ya Al Hamriya inapakiwa salama. Sisi hapa wazima. Nimeamua kuandika barua kwa sababu kwenye kundi la familia kila nikituma sentensi moja najibiwa kwa picha ya waridi, na jambo hili linataka nafasi zaidi ya hiyo.

Jambo lenyewe ni hili. Mimi na dada yako Mahfudha, tuliooana miaka ishirini na mitano iliyopita, tulikusudia kwenda Italia siku kumi, peke yetu. Roma, kisha Firenze, kisha Venisi. Swali pekee lililobaki mezani kwetu lilikuwa tukodi gari au tupande treni. Leo swali hilo limejibiwa na watu watano ambao hawakuulizwa. Kamati imepitisha gari, tena la watu saba. Mimi ni mwandishi wa habari. Nimezoea kutenganisha nilichokiona na nilichosimuliwa. Malalamiko yafuatayo yote ni ya niliyoyaona.

1. Nilikuja kwako kuaga. Sikuja kualika. Kwetu muungwana hasafiri kimyakimya. Hupita kwa watu wake, akaaga, akaombewa dua, akapewa salamu za kupeleka asikomjua mtu. Nami nikapita, mwezi mzima kabla, nikidhani natimiza adabu mapema. Anayeaga Alhamisi akaondoka Ijumaa huombewa dua. Anayeaga mwezi mzima kabla huulizwa, "Gari lina nafasi ngapi?" Ndivyo ulivyoniuliza, kahawa bado ya moto. Nikakujibu ukweli, kwamba tulikuwa tukifikiria gari dogo la watu wanne. Ukasema, "Nanyi mko wawili. Viti viwili viende bure? Hiyo israfu, Awadh." Na Bi Shifaa, aliyekuwa akichambua mchele pembeni, hakuinua kichwa. Akasema tu, "Mimi wala si mzito."

2. Nakuelewa kwa sababu ya kazi yako. Maisha yako yote umepakia shehena za Unguja na Mombasa, na kwako chombo kikiondoka na pengo ni aibu ya ukoo. Friji haiendi tupu. Hutiwa nguo, na ndani ya nguo vikombe, na ndani ya vikombe iliki. Lakini ndoa si shehena, Shemeji. Pengo kati ya mume na mke kwenye kiti cha gari lina kazi yake. Wewe umelijaza kwa Saif, binamu yako wa Al Muraqqabat, kwa hoja kwamba "anaijua Ulaya." Nilimhoji Saif kama ninavyomhoji shahidi yeyote. Ulaya anayoijua ni uwanja wa ndege wa Istanbul, alipolala kwenye viti akingoja ndege nyingine. Anasema kuna baridi.

Mwenzangu kazini, Austine, Mkenya wa Kilifi, nilimweleza habari hii bila kuongeza chumvi. Akaniangalia kwa huruma, akasema, "Bro, hiyo si holiday. Hiyo ni harambee."

3. Nimepokea mchoro wa viti uliochorwa na binti yako Rawan, kwa rangi. Mbele ni dereva, ambaye ni wewe, na pembeni yako Bi Shifaa, kwa heshima yake na kwa magoti yake. Hapo sina neno. Safu ya kati wamekaa mkeo, Rawan mwenyewe, na Mahfudha, ili wanawake wapate kuzungumza. Nyuma kabisa ni mimi na Saif, na katikati yetu sufuria ya pilau, ambayo katika mchoro imeandikwa jina kabla yangu. Kwa mpangilio huo, katika Italia niliyomwahidi mke wangu, nitaona ushungi wake kwa nyuma. Nikitaka kumwonyesha mlima itabidi nimpigie simu.

4. Sufuria hiyo ina historia yake. Sipingi chakula cha halali. Sisi wawili tulipanga kula samaki na mboga, na Roma kuna Waislamu wenye mabucha na migahawa kama ilivyo hapa kwetu Deira. Kamati, hata hivyo, imeazimia kupika njiani, kwenye maegesho ya barabara kuu, kwa jiko la gesi. Rawan aliuliza kundini kama polisi wa huko wanaruhusu. Saif akajibu kwa ujumbe wa sauti, nao ninao, "Yalla, hao wenyewe watu wa kula. Tutawapakulia."

5. Kuhusu dereva. Umeendesha Dubai miaka yote hujagusa gia, na magari mengi ya kukodi huko ni ya gia za mkono. Miji yao ya kale ina mitaa ambayo mgeni haingii na gari. Kamera humpiga picha, na barua ya faini humfuata mpaka kwake, miezi baadaye, ameshasahau alikopita. Nilipokueleza hili ulisema, "Watatujuaje?" Shemeji, wewe hupunguza mwendo kwa kila nguzo, hata ya taa, ukidhani ni rada. Ujasiri huu unautoa wapi leo? Na Venisi ndiyo haina barabara kabisa. Gari huachwa mlangoni mwa mji, watu wakaendelea kwa miguu na kwa maji. Niliiandika hiyo kundini kwa herufi kubwa. Jibu lako lilikuwa, "Tutaona tukifika, inshallah." Hilo ni jibu la mtu anayeamini kwamba bahari nayo itajisogeza.

6. Sasa treni. Tiketi ya treni za kasi za huko ina namba ya behewa na namba ya kiti. Hakuna "jisogezeni kidogo." Hakuna wa kumpakata. Treni huondoka kwa saa iliyoandikwa, awe Bi Shifaa amemaliza kujifukiza udi au hajamaliza, na familia yetu ikialikwa saa mbili ndiyo kwanza huingia bafuni saa mbili. Kwa hiyo treni ingetuchukua mimi na Mahfudha, na ingewakataa nyinyi wengine bila mimi kufungua mdomo. Nasema wazi, kwa kuwa umri wangu haunitumi tena kupamba maneno: sikuipenda treni kwa mwendo wake wala kwa madirisha yake. Niliipenda kwa sababu ingewaacha.

Najua kamati haibadilishi maamuzi. Wanachama wanne waliniambia hivyo, kila mmoja kwa wakati wake, na wa tano alituma waridi. Kwa hiyo naleta pendekezo ambalo nimelipima kwa utulivu na ambalo, naamini, halimnyimi mtu yeyote haki yake.

Nikichunguza vizuri, nilichokitaka tangu mwanzo si Italia. Ni siku kumi na mke wangu bila mtu kugonga mlango. Mlango wetu hugongwa na nani? Na wewe, ukirudi bandarini. Na mkeo, akitafuta bakuli lake. Na Rawan, kwa sababu mtandao wetu una kasi. Na Saif, wakati wa chakula. Na Bi Shifaa, ambaye hagongi, ana ufunguo. Wote hao wamo katika gari lenu. Basi nendeni. Twaeni viti vyetu viwili. Kimoja mpeni mumtakaye, cha pili kikaliwe na sufuria, nayo ione nchi. Mkishaondoka, Al Twar itakuwa na ule utulivu ambao watu hulipia nauli ya ndege kuufuata.

Mimi na Mahfudha tutabaki. Treni tunayo: Metro ya Dubai, ambayo haina dereva wala haina shemeji. Tutateremka Deira, tutakula samaki, tutavuka hori ya Khor kwa abra, mashua zile za abiria, kama watu wa Venisi, na magharibi tutakuwa nyumbani, mlango umefungwa, simu zimezimwa. Naiomba kamati mambo matatu tu: msitupigie simu za video mkiwa mmekwama, msimwachie jirani ufunguo wa Bi Shifaa, na msirudi mapema kwa ajili ya kutuonea huruma.

Ikiwa kuna neno limekuuma, lisome mara ya pili. Likiuma tena, basi nilikusudia.

Nisalimie Bi Shifaa, umbusu mkono kwa niaba yangu. Nisalimie mkeo, na Rawan na rangi zake, na Saif popote atakapokuwa amelala. Wasalimie jamaa wa bandarini, walionizoea kwa maswali yangu. Kwa heshima yote anayostahili mtu aliyeniozesha dada yake na tangu siku hiyo hajaondoka, nabaki

shemeji yako,
Awadh

Nyongeza: Mahfudha ameisoma barua hii kabla sijaituma. Alisahihisha koma mbili, akacheka pale kwenye habari za Istanbul, akasema imeandikwa vizuri na niipeleke. Kisha akaniuliza, "Na wewe huku utabaki na nani?" Nikamwambia nitabaki naye. Akasema nguo zake ameshazikunja. Mama yake hajapata kulala mji wa kigeni bila yeye pembeni, hataanza uzeeni. Mimi, alisema, atanikuta palepale aliponiacha. Nimelitazama jibu hilo kila upande, nikauliza maswali yangu yote ya kazi, na sikupata pa kulikamatia. Kwa hiyo, Shemeji, lifute pendekezo, ufute na namba sita, na ikibidi ufute zote. Kiti cha Mahfudha kibaki kama kilivyochorwa. Changu, kama hamjampa mtu, naomba nirudishiwe. Nyuma kabisa panatosha.