Makofi ya Kukodi

Jumatatu, 3 Juni

Shemeji ametoa amri. Ikifika Jumapili sina kazi, nihame. Amesema hayo akiwa ameshika rimoti, mbele ya dada, ambaye alijifanya anatafuta kibiriti. Eti sebule si bweni. Eti mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nikamwuliza shamba liko wapi. Mtu mwenyewe anauza vigae vya bafuni, halafu anajiona msemaji wa wahenga. Nikageukia ukutani kwenye godoro langu nililotandika juu ya kochi, nikalala.

Mchana nikatoka kutafuta riziki. Jua kali. Nikaingia jumba la maonyesho ya picha kwa sababu lina feni. Picha ya kwanza nyekundu yote. Ya pili nayo nyekundu, ila mchoraji alichoka mapema. Mlinzi akaniambia mtu wa mwisho kuingia kabla yangu alikuwa anaulizia choo. Nikaenda ukumbi wa mashairi. Mshairi alisoma akiwa amefumba macho. Afadhali, angefumbua angeviona viti. Nikamalizia kwenye dansi ya kisasa: watu wazima watatu wamelala sakafuni, hawasemi, hawatikisiki. Mimi nikifanya hivyo nyumbani natukanwa!

Hapo akili ikanifunguka. Jiji limejaa wasanii, halina wa kuwapigia makofi. Mimi sina kazi, lakini nina ukoo.

Jumanne, 4 Juni

Nimeonana na mwongozaji wa tamthilia, yule wa ukumbi uliokuwa ghala la magunia. Ana ndevu nyingi na anaongea kama mtu aliyeungua ulimi. Mchezo wake unaanza keshokutwa: mke, mume, na nyumba ndogo ambayo mke haijui. Uvumbuzi mkubwa huo. Nimemwambia nina kampuni ya watazamaji. Akauliza kama wanaielewa sanaa. Nikamwuliza anataka waelewe au wapige makofi. Akajikuna ndevu, akakubali. Mambo yakienda vizuri mpaka Jumamosi, kazi ni yangu moja kwa moja: Mkuu wa Watazamaji. Shemeji atakoma.

Jioni nikaenda kwa shangazi, dada wa marehemu baba. Ana kikundi cha akina mama, wanakutana barazani kwake na kuamua ndoa za mtaa mzima. Nikamwambia kuna kazi ya kukaa tu. Akasema kama ni ya kukaa, mbona siifanyi mwenyewe, na ndiyo fani yangu. Shangazi ana mdomo. Lakini aliposikia kuna chai, akakubali.

Jumatano, 5 Juni

Mazoezi barazani. Nikivua kofia, makofi na vigelegele. Nikikohoa, kilio. Akina mama wanapiga makofi kama wanafukuza kuku, ila kwa sanaa ya jiji hili yanatosha. Shangazi ameuliza mchezo unahusu nini. Nimemwambia hayo hayamhusu.

Alhamisi, 6 Juni

Ukumbi ulikuwa tanuri. Mama mkwe wa mchezoni anakata roho, mimi nikasahau, nikavua kofia nijipepee. Makofi! Vigelegele! Maiti ikafumbua jicho moja. Halafu vumbi la magunia likanikaba, nikakohoa, na akina mama wakaangua kilio wakati mchekeshaji yuko jukwaani. Naambiwa yule kijana ameenda nyumbani bila kuaga.

Mwongozaji amenivuta nje akasema nimemmaliza. Nikamwambia sanaa ni pana. Amenipa nafasi ya mwisho. Nyumbani shemeji ameuliza kazi inaendaje. Nimesema makofi yalikuwa mengi. Si uongo.

Ijumaa, 7 Juni

Kofia nimeifunga kidevuni kwa mpira. Kikohozi nimekimeza. Nilifikiria kila kitu isipokuwa kwamba shangazi ataanza kuutazama mchezo.

Mume anamuaga mke, eti ana safari ya kikazi. Shangazi akasimama. Akamwambia yule mke, "Mwanangu, huyo hana safari. Jana tumemwona hapohapo na yule wa gauni la njano." Akina mama wote wakasema kweli kabisa. Nikahangaika na mpira nivue kofia, ukaninasa sikio. Tayari shangazi yuko jukwaani na mkoba wake. Akavuta kiti, akamwamuru mume akae, akamwita na mwenye gauni la njano atoke huko alikojificha. "Haya, tuanze mwanzo. Nani alimtongoza mwenzake?"

Kikao kikaanza. Mume, ambaye hujisifu kasomea uigizaji ng'ambo, alijitetea kidogo, kisha akalegea akakiri yote, pamoja na mambo ambayo hayamo kwenye mchezo. Mke akalia kweli. Wale watu wachache waliokuja wenyewe wakasimama juu ya viti. Sikuona mwisho. Nilikuwa chooni, nimejifungia kwa aibu.

Jumamosi, 8 Juni

Foleni imefika mpaka kona. Mwongozaji anamwita shangazi "Mama" na anambebea mkoba. Mchezo wake ameutupa. Sasa shangazi anatoa kesi ya kweli, waigizaji wanaicheza, yeye anaamua. Nikamwuliza mwongozaji kuhusu cheo changu. Akasema watu wanapiga makofi wenyewe, tena bure. Nikamwonya kwamba makofi ya bure hayana ubora. Akaniomba nisogee, nimeziba mlango.

Shukrani ya punda. Nani aliyemtoa shangazi barazani? Nani aliyemlea kisanaa?

Shangazi angalau ana utu. Ameniuliza kama ile amri ya shemeji bado ipo. Akataka kujua yote: naamka saa ngapi, nani anaosha sahani yangu, shemeji anaketi wapi nikiwa nimelala kwenye kochi. Nimemweleza kinagaubaga. Roho imenisuuzika, kumbe ukooni kuna mtu ananijali. Amesema kesho mchana twende wote, na dada na shemeji, ametutengea viti vya mbele.

Jumapili, 9 Juni

Leo nimeona sanaa.

Kesi ilihusu jitu zima linaloishi kwenye kochi la dada yake. Linaamka jua la utosi. Linakula, linaacha sahani chini. Kila siku lina mpango mpya, na kila mpango unahitaji watu wengine. Mwenye nyumba anatazama taarifa ya habari amesimama. Aliyeigiza alikoroma vizuri sana. Ukumbi ulicheka mpaka viti vikalia. Shemeji alijifuta machozi, sikujua kama ana meno mengi vile. Dada alikuwa ananitazama mimi badala ya jukwaa. Hana utamaduni wa kuangalia michezo.

Mimi nilichukia. Wapo kweli watu wa namna ile, wanatutia aibu wanaume. Shangazi akataka hukumu kutoka kwa watazamaji. Akanyoosha kidole: wewe wa kofia, unasemaje? Nikasimama. Nikasema atolewe leo hii, na godoro lake, na mlango ufungwe. Ukumbi ukalipuka. Shemeji akanishika mkono kwa mikono miwili, mara ya kwanza tangu amwoe dada. Nikavua kofia kutoa shukrani, makofi yakaongezeka. Kwa hiyo kofia inafanya kazi. Tatizo lilikuwa akina mama.

Nilibaki kidogo niwape watu nafasi ya kunipongeza. Kufika nyumbani, nimekuta godoro langu barazani, limekunjwa vizuri, na begi juu yake. Dada ana huruma, amejua ndani kuna joto. Nimegonga, hawajaitika. Wamelala mapema, kicheko kinachosha.

Nimejilaza nikiwaza zile picha nyekundu. Zinahitaji watu wa kuzitazama na kuguna. Mama mzazi wa shemeji ana mguno mzuri sana. Asubuhi shemeji akifungua mlango, namweleza. Yeye alete mama na kochi, mengine aniachie mimi.