Mashavu Mawili Langoni

Jumatatu, 1 Agosti 1955
Barua kutoka kwa Munyi, karani huko Embu, mchumba wangu ikiwa mama yake atakubali. Mama huyo atanitazama kanisani Jumapili. Alipoona picha yangu aliuliza mbona mashavu yamebonyea, kwetu wananilisha nini. Munyi hajawahi kumpinga mama yake. Nina siku sita. Ednah, mwalimu mwenzangu, amenipa pole. Mashavu yake ni kama maandazi. Pole ilimtoka kwa urahisi mno.

Jumanne, 2
Nimepata jarida kuukuu katika kabati la misheni. Ulaya madaktari waliwahi kudunga nta iliyoyeyushwa chini ya ngozi, uso ukajaa. Ukurasa wa mwisho umechanika. Nadhani ulikuwa na shukrani za wagonjwa. Nta tunayo, mizinga ni ya baba. Nyaga, dresa anayefunga vidonda zahanati, alikataa kunidunga mpaka nilipomwita "daktari".

Alhamisi, 4
Nta iliganda ndani ya sindano. Nyaga akasukuma, bomba likapasuka kabla ya kunifikia. Hapo ndipo alipokumbuka kuniambia kwamba hospitalini alikofunzwa alimwona mama wa Kizungu aliyedungwa nta zamani. Siku za jua shavu lilishuka hadi kwenye taya, akawa analishikilia kwa leso. Nilirudi nyumbani mwepesi, karibu niimbe. Humu nitaandika kwamba nimesikitika.

Jumamosi, 6
Mbinu bora. Kuingiza, si kudunga. Nimechonga vipande viwili vya kiazi cha nduma kilichochemshwa, nikavipachika ndani ya mashavu. Kwenye kioo, mtu mpya. Siwezi kuongea. Si kitu. Mkwe mkimya hupendwa.

Jumapili, 7
Langoni pa kijiji Kiogora, homgadi, mlinzi wa serikali anayenijua tangu utoto, aliangalia picha kwenye pasi yangu ya kutokea, akaniangalia, akarudia picha. Akauliza mwalimu ni yupi kati ya hawa wawili. Nikajibu mm. Akaniamuru nifungue mdomo, nikavitoa vile vipande mkononi.

Amri inajulikana: chakula kilichopikwa hakivuki handaki linalozunguka kijiji, kisije kikawafikia wapiganaji msituni. Mwezi jana mtu alichimbishwa handaki wiki nzima kwa kukutwa na ndizi mbili za kuchemsha. Kiogora akataka kujua nampelekea nani. Nikamwambia ni mashavu yangu.  Akasema niyale pale pale au twende kituoni. Nikala la kushoto, kisha la kulia.

Mama mmoja aliyesimama upande wa nje akamuuliza, "Wewe Kiogora, hicho kingeshibisha nani huko msituni? Panya?" Kisha akanishika kidevu. Ndiye mama yake Munyi, amekuja kunipokea tuende kanisani pamoja. Akasema naye aliolewa akiwa na mashavu haya haya, yakajaa kwa mtoto wa kwanza. Alichomwambia Munyi ni kwamba nitahitaji uji mwingi. Hakusema hanitaki.

"Na kula hasumbui," akawaambia wenzake aliokuja nao. "Huyu ni wetu."

Nililia njia nzima mpaka kanisani, kwa raha.

Jumatatu, 8
Harusi baada ya mavuno. Ednah amenipongeza kwa shida. Nimekaa mbele ya kioo saa nzima, moyo umetulia. Mashavu hayana neno kabisa. Kumbe tatizo lilikuwa pua. Nyaga anasema kosa letu lilikuwa sindano baridi. Ikichovywa kwanza kwenye maji moto, nta itapita. Nimemwambia daktari ateleke sufuria Jumatano.