Nguvu ya Bure, Ghorofa ya Tano

Jumatatu, 8 Septemba

Nimefunga leo, kama kawaida yangu Jumatatu na Alhamisi. Alhamdulillahi. Magoti ndiyo hayafungi mdomo. Kila ngazi yanalia. Na stoo ya Bosi Harshad iko ghorofa ya tano, jengo halina lifti.

Bosi kaniita. Kasema ananiheshimu, mimi mtu wa sala, ila mzigo unachelewa. Mabelo kumi ya vitenge yafike juu kabla hajafunga duka Alhamisi, na asinisaidie mchukuzi yeyote. Nikishindwa, kazi anapewa Kasmir.

Kasmir! Kijana ana shingo kama nguzo ya umeme. Kapita, kasema shikamoo mzee, magoti yameshapiga kengele ya kwenda nyumbani, hujaisikia? Nikaitikia marahaba. Kwa ubaridi.

Jioni nimemweleza mke wangu Zamda. Kaliangalia tumbo langu, kasema Baba Nasreen, hilo nalo lingekuwa linafanya kazi, tungekuwa mbali.

Hapo hapo akili ikafunguka!

Jumanne, 9 Septemba

Sikiliza, ndugu yangu daftari, maana wewe huna mdomo wa kuniibia wazo. Kapi, lile gurudumu la kupitishia kamba, nimelifunga juu ya paa, kamba nene nimeitoa Feri kwa wavuvi. Upande mmoja belo, chini mtaani. Upande wa pili mimi, juu, kwenye kiti cha turubai nilichoshona mwenyewe. Nasema Bismillahi, nashuka. Nikishuka, belo linapanda. Shemeji yangu Abubakary analidaka juu. Nguvu ya bure!

Belo la kwanza lilikuwa jepesi. Sikushuka, nilianguka. Nimetua kwenye ndoo za plastiki za Bi Maimuna, anayeuza hapo chini mtaani. Kasmir kauliza nachukua ya lita kumi au ishirini.

Mengine matatu nimeshuka nayo taratibu kama bwana harusi. Dosari moja tu, ndogo: kila nikishuka lazima nipande tena ngazi. Zote.

Ghorofa ya tatu anakaa Mwalimu Urmila, mama yake Bosi, alifundisha fizikia mpaka akastaafu. Nikipita dirishani ananitupia sentensi moja. Kauliza nguvu inatoka wapi. Nikajibu kwenye kamba, nimeshapita. Safari iliyofuata kasema kamba haina kitu, fikiri. Nikaahidi kufikiri nikifika chini.

Jumatano, 10 Septemba

Matano leo! Jumla tisa. Suruali inanivuka, Zamda kaongeza tundu kwenye mkanda.

Mwalimu kamaliza somo, vipande vipande, kwa jinsi nilivyopita. Nikipanda ngazi najiwekea akiba ya nishati. Nikishuka naihamishia kwenye belo. Akiba yenyewe imetoka kwenye chakula nilichokula. Na haifiki yote, nyingi inapotea kwenye jasho, nyingine inaliwa na kapi, ndiyo maana linalia na kupata moto. Ila kasema ufanisi wangu umemzidi Kasmir: yeye anapandisha belo pamoja na mwili wake, halafu mwili anaushusha burebure.

Nimemfikishia Kasmir habari hiyo. Mara tatu.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimefunga. Limebaki belo moja. Abubakary kashuka kuswali Alasiri, akapitiliza viwanja vya Jangwani kutazama mpira. Sikumngoja. Nikajirusha.

Ghorofa ya tatu, kimya. Nimesimama! Belo mbele ya pua yangu, nalo limesimama. Ngazi za wiki nzima zimenipunguza, tumelingana kilo.

Kasmir kapaza sauti toka chini. Atanivuta kwa kidole kimoja, mzee wangu, ila kwanza nitangaze mbele za watu kwamba kazi ni yake. Nikamwambia nimepapenda, kuna upepo. Watu wakajaa. Muuza karanga akafanya biashara.

Mwalimu kaleta sahani ya kachori, kasema kula, Sadalla, uzito kidogo tu, utashuka. Nikamwambia nimefunga, mwalimu. Kanitazama, kaifunika sahani. Harufu haikufunikika. Bosi katoka na kufuli mkononi. Nikavuta tasbihi.

Adhana ya Magharibi! Mwalimu kapitisha mkono kwenye nondo za dirisha: tende, jagi zima la maji, kachori moja, ya pili, ya sita. Kapi likaguna. Nikaanza kushuka, mdomo umejaa, namshukuru Mola. Juu mkono wa Abubakary, karudi mpirani, ukatokeza, ukadaka belo. Bosi kafunga duka, kasema tuonane Jumatatu, Mzee Sadalla. Kasmir kajipenyeza kwenye umati, kaondoka. Utamu gani huo!

Ijumaa, 12 Septemba

Magoti yamevimba kama maembe. Lakini baada ya sala ya Ijumaa nimelipata jibu, na nashangaa Mwalimu, na elimu yake yote, hakuliona. Si kasema mwenyewe nguvu yote inatoka kwenye chakula? Sasa mimi katikati nafanya nini?

Mzigo ujao naning'iniza gunia la viazi. Gunia linashuka, belo linapanda, mimi nimekaa na kahawa yangu.

Kilichobaki ni kulifikisha gunia ghorofa ya tano. Hilo nitalibeba mwenyewe, alfajiri, kabla Kasmir hajaamka akaniiga.