Jiwe Lililokataa Kuzama

Hakuna jiwe duniani lililowahi kumdanganya Densiti! Hayo ni maneno yake mwenyewe, na aliyatamka kwa sauti ambayo hata mawe yaliisikia.

Kazi yake ilikuwa kuuza vigae. Lakini tangu aliposoma namna ya kutambua mawe kwa densiti, yaani uzito wa jiwe ukilinganishwa na wa maji ya ujazo uleule, alijiona kazaliwa na mizani mkononi, na mtaa ukambandika jina hilo. Unapima uzito wa jiwe. Unalitumbukiza kwenye jagi lililojaa pomoni. Unapima maji yaliyomwagika, unagawanya, basi! Alimaliza mawe yote ya mtaa, akahamia kwenye viazi, sabuni, na meno ya bandia ya babu yake, babu mwenyewe akiwa bado mezani anayasubiri.

Siku ya kujitambulisha ukweni, mwenye akili zake angebeba zawadi. Yeye alibeba mizani ya jikoni na jagi.

"Shangazi ndiye mwenye neno la mwisho," mchumba wake alimnong'oneza mlangoni. "Yuko chumbani anavaa. Tafadhali, leo usipime kitu."

"Nisipime? Si ndicho atakachonipendea!"

Baba wa mchumba alikuwa mpole, hajui kukataa. Densiti akaanza na jiwe la kuzuia mlango. Akapima, akatumbukiza, akagawanya.

"Mara mbili nukta saba ya uzito wa maji, na madoadoa haya! Ni itale, mwamba mgumu kabisa, mzee!"

"Kumbe! Na sisi miaka yote tunalipiga teke tu," mzee alijibu kwa adabu.

Sifa zikampanda kichwani. Akatoka uani kuongeza maji, na hapo akaliona: jiwe la kijivu lenye vitundu tele, limeanikwa kando ya bomba. Alipolinyanyua, jepesi ajabu! Akalikimbiza ndani, akalitosa kwenye jagi.

Likaelea.

Akalizamisha kwa kidole, likaibuka. Akalizamisha tena, likaibuka na kumrushia maji usoni. Aibu gani hii, mbele ya mkwe!

"Mzee wangu," alisema hatimaye, kifua mbele, "hili si la dunia hii. Limeanguka kutoka mwezini!"

"Mwezini? Lakini mwanangu, hilo mbona ni..."

"Niachie mimi, mzee! Maji yakishindwa, mtaalamu hutumia ulimi."

Mchumba aliruka kumzuia, akachelewa. Densiti alililamba jiwe lile juu na chini, taratibu, macho kayafumba.

"Chumvichumvi," alitangaza. "Na kwa mbali, harufu ya kale sana."

Mlango wa chumbani ukafunguliwa. Shangazi alitoka amependeza, anang'aa mpaka miguuni.

"Nani kachukua jiwe langu la kusugulia visigino?"

Alimtazama Densiti, akalitazama jiwe, kisha ulimi, ambao ulikuwa bado nje.

"Shi... shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Hiyo harufu ya kale ni ya leo asubuhi, baba."

"Nilitaka kumwambia," mzee alijitetea. "Akasema nimwachie yeye."

Densiti alijua basi, mke kamkosa. Lakini shangazi alijifuta machozi ya kicheko, akatoa neno lake la mwisho.

"Amuoe! Mkwe wa kulamba visigino vyangu kabla hata ya posa, nitampata wapi mwingine? Ila mizani inabaki kwangu."

Densiti hakusubiri kushukuru. Alidaka jagi, akajaza mdomo, akasukutua kwa nguvu, akameza kidogo kwa haraka.

"Mpenzi," mchumba wake alisema polepole, "hayo maji si ndimo lilimokuwa linaelea jiwe?"