Itifaki ya Kumwona Bundi

Wanachama wote wa Chama cha Wapenda Viumbe walitangaziwa kwamba safari ya mwaka kwenda msitu wa kinamasi itafanyika Jumamosi, na kwamba siku hiyo msitu utafunguliwa rasmi na Mwenyekiti.

Katibu alilisoma tangazo hilo bila kucheka, na wala si kazi rahisi. Msitu wenyewe ulikuwa wazi tangu enzi na enzi, vyura wakiingia na kutoka watakavyo, ila haukuwahi kukatiwa utepe. Jambo hilo lilikuwa likimnyima Mwenyekiti usingizi.

Mwenyekiti alikuwa amestaafu ofisi ya itifaki, alikotumia maisha yake kupanga nani akae mbele na nani akae nyuma ya nguzo. Chama kilimchagua kwa sababu alikuwa na kiti kizuri cha kukunja. Siku ya kwanza msituni akawakuta watu wazima wanatazama ndege ovyo ovyo, kila mtu na jicho lake. Alishtuka mno.

"Mnatazama tu?" aliuliza. "Bila utaratibu?"

Ndipo ikazaliwa Itifaki ya Kuona. Kiumbe kikijitokeza, Katibu anapuliza filimbi na watu wote wanafumba macho. Mwenyekiti anaona kwanza. Anafuata mke wake, ambaye hajawahi kuja safari hata moja, lakini nafasi yake inaheshimiwa: watu hunyamaza kwa muda wa kutosha mama kuona. Kisha dereva wa Mwenyekiti, kisha Katibu, kisha wanachama wa kawaida, na mwisho kabisa waasisi, kwa kuwa hao wameshaona vya kutosha.

"Mkubwa ndiye anayeona kwanza," Mwenyekiti alipenda kusema, "na anayeona kwanza ndiye mkubwa. Mengine yote ni vurugu."

Shida ni kwamba hakuna aliyewaambia ndege. Mpaka Mwenyekiti afute miwani, akohoe, atamke "Nimeona," ndege ameshaenda zake, na wanachama wakifumbua macho wanaonyeshwa tawi. Mwaka huo walikuwa wameona matawi mazuri sana. Shughuli nyingine nazo zilikwenda hivyo hivyo. Maonyesho ya vipepeo yaliahirishwa kwa kuwa vipepeo hawakuthibitisha kuhudhuria, na matembezi ya kusikiliza vyura yalivunjwa baada ya vyura kuanza kabla ya hotuba ya ufunguzi.

Katibu angevumilia yote hayo kama si shangazi yake. Shangazi ndiye aliyekianzisha chama, wakati huo kikiwa na darubini moja na chupa ya chai. Alikuwa ameona kila chenye mbawa katika msitu ule, isipokuwa bundi mvuvi, yule mkubwa wa kahawia anayekaa juu ya maji na kuvua samaki. Sasa macho yalikuwa yanamzimikia, na daktari wa macho hakumficha.

"Mwaka huu nikimkosa, mwanangu, basi tena," alimwambia Katibu walipokuwa wakiandaa vyakula vya safari, akipaka mkate siagi na nusu ya siagi ikiishia mezani. "Mwakani mtanionyesha bundi, nami nitaitikia kwa adabu tu."

Katibu roho ilimuuma. Akaenda kwa Mwenyekiti kujaribu bahati.

"Mheshimiwa, naomba Shangazi aone wa kwanza. Mara moja tu."

Mwenyekiti alimkodolea macho kama mtu aliyeombwa kuazimisha meno yake. "Leo shangazi, kesho nani? Mpishi? Tutafika mahali kila mtu anaona anavyojisikia!"

"Lakini ni mwasisi, mheshimiwa."

"Ndiyo maana tumemtengea nafasi. Ni ya mwisho, lakini ni nafasi."

Jumamosi utepe ulifungwa kati ya miti miwili, ukakatwa, na msitu ukafunguka. Mwenyekiti alitangulia kwenye njia ya mbao akiwa na suti na viatu vya ngozi, maana mabuti, alisema, yanamshusha mtu hadhi. Dereva alimfuata na kiti.

Hawakuwa wamefika mbali Katibu alipomwona. Bundi mvuvi! Yule pale, juu ya tawi lililoinamia maji, macho yake meusi yametulia yakiwatazama. Katibu alitamani kuimeza filimbi. Aligeuka akamtazama Shangazi, kisha akaipuliza, na wote wakafumba macho. Shangazi aliyafumba kwa nguvu mpaka uso ukakunjamana.

"Yuko wapi?" Mwenyekiti aliuliza.

"Mbele yako, mheshimiwa, mti ulioinama," Katibu alijibu, naye akafumba.

"Siwezi kumwona bundi nikiwa nimesimama kama mtu wa kituoni. Dereva, kiti!"

Alikipokea kiti, akayapa maji mgongo, akatafuta mahali pa kukiweka. Pembeni mwa mbao palikuwa na majani mabichi yaliyolala vizuri kama zulia. Akarudi nyuma hatua moja.

Chubwi!

"Nimezama!" Mwenyekiti alipiga kelele. "Jamani, mko wapi?"

"Tupo, mheshimiwa," alisema dereva, macho yamefumbwa.

"Hamnioni?"

"Bado hatujaruhusiwa, mheshimiwa."

"Matope yamefika kiunoni!"

"Mheshimiwa ameshayaona?"

"Nimo ndani yake, wewe mpumbavu!"

"Basi tumsubiri mama aone," mtu mmoja alikumbusha. Wakanyamaza kwa heshima ya mke wa Mwenyekiti.

"Fumbueni macho! Nyote, kwa pamoja!"

"Bila kufuata vyeo, mheshimiwa?" Katibu aliuliza kwa sauti ya kiofisi.

"Bila vyeo! Waasisi, wapishi, yeyote! Tazameni!"

Wakatazama. Mwenyekiti alikuwa amezama mpaka kifuani, na juu ya kichwa chake, karibu kabisa, kwenye tawi lile lile, alikuwa amekaa bundi. Hakuna aliyetazama chini.

"Haa! Ndiye!" Shangazi alimshika Katibu mkono, machozi yakimtoka. "Namwona, mwanangu! Namwona mpaka kucha!"

"Mnamwona nani?" Mwenyekiti alihangaika kugeuza shingo, kola ikamkatalia. "Nigeuzeni!"

"Usitikisike, mheshimiwa, utazidi kuzama."

Bundi aliinamisha kichwa, akamkagua Mwenyekiti polepole, kisha akaruka bila kelele. Hapo ndipo walipomkumbuka mheshimiwa. Utepe haukumfikia kwa kuwa ulishakatwa, wakamvuta kwa mikanda ya suruali.

Kwenye mkutano mkuu wa mwaka, Shangazi alinyoosha mkono.

"Nauliza tu. Msituni, Mwenyekiti alimwona bundi?"

"Hakumwona," ukumbi ulijibu.

"Na bundi alimwona Mwenyekiti?"

"Alimwona! Tena sana!"

"Basi. Anayeona kwanza ndiye mkubwa."

Mwenyekiti alifungua kinywa, akatafuta kifungu cha kumwokoa, akakosa. Vyote alikuwa amevitunga mwenyewe. Dereva alikuwa wa kwanza kuinua mkono, na bundi akachaguliwa kuwa Mwenyekiti bila kupingwa. Mpaka leo hajatoa hotuba, na wanachama wanamsifu kwa hilo.

Siku hizi watu wanatazama ovyo ovyo, kila mtu na jicho lake, na Shangazi huketi mbele kabisa, kwenye kiti cha kukunja. Mwenyekiti mstaafu amekataa uovyo huo. Kama mwasisi wa itifaki, amewekwa katika kundi la waasisi, na kila ndege akitokea yeye hufumba macho kungoja zamu yake. Ikifika, wanamwonyesha tawi.