Ripoti Yangu Kuhusu Bastola Mpya

Jumatatu, 3 Machi
Mvua tangu asubuhi. Stoo ya silaha ya klabu ya shabaha inanuka mafuta na soksi mbichi. Mtunza stoo anastaafu Ijumaa. Nafasi moja, wasaidizi wawili: mimi na shemeji, kaka wa mke wangu. Mimi nina miaka kumi na mmoja nikisugua mitutu humu. Yeye ana minne tu, na mwenyekiti tayari anamwita mtaalamu. Nikiikosa nafasi hii nitazeeka na kitambaa mkononi.

Leo imefika bastola mpya ya mazoezi, ile ya silinda, inayotumia risasi ndogo. Nani aliichagua? Shemeji. Nani kaambiwa aikague na kuandika ripoti? Mimi! Nimekubali kwa sauti ya unyonge. Moyoni nilipiga vigelegele.

Jumanne, 4 Machi
Nimeshinda nayo, mimi na kurunzi na lenzi. Kwanza nikahakikisha haina risasi. Mimi si mtoto. Kisha nikamulika. Kumbe! Mstari mwembamba umeizunguka silinda, rangi imelika. Masizi kwenye matundu yote sita ya kuwekea risasi. Shemeji kaletewa mtumba, akaupokea akichekelea.

Nikamwonyesha, nikisubiri atokwe jasho. Akatazama, akasema taratibu kwamba kila bastola hujaribiwa kiwandani kabla ya kutiwa kwenye boksi, ndiyo maana ya masizi, na mstari ule huletwa na silinda kuzunguka. Si dosari. Akanishauri niangalie kama silinda inacheza. Ati ananishauri! Nikamwambia asante. Ilinikwama kooni kama mwiba wa samaki.

Jumatano, 5 Machi
Silinda haichezi. Nyundo inashika vizuri. Mpini hauna ufa. Nimekata tamaa mpaka saa nne. Halafu wazo! Kifyatulio. Nikajifungia stoo, nikafyatua tupu, bila risasi, huku nahesabu. Mara mia tatu. Kidole kimevimba. Kifyatulio laini kama siagi, laana.

Lakini nilipomulika tena! Ukingoni mwa kila tundu pana kovu dogo, mfano wa alama ya ukucha. Sita, zote mahali pamoja. Jana sikuziona, jana mstari ulinipumbaza. Nikajaribu kuingiza ganda tupu la risasi. Linagoma! Bastola mpya isiyopokea risasi! Shemeji kwisha habari yake.

Mke wangu amenikuta nikinawa huku naimba. Kauliza kulikoni. Nimesema mambo ya kazini. Kasema kaka yake atakuja kula Jumapili. Nimeongeza sauti.

Alhamisi, 6 Machi
Ripoti imekamilika. Kurasa tano! Sikuacha hata nukta, ili asipate pa kutokea. Ukurasa wa tatu ndio ninaoupenda zaidi. Unasema mkaguzi, kwa mkono wake mwenyewe, alifyatua tupu mara mia tatu mfululizo, ndipo dosari ikajitokeza. Mwishoni nimependekeza aliyeichagua silaha hii asikabidhiwe stoo. Sahihi yangu kubwa, yenye mkia. Mwenyekiti amesoma mstari wa kwanza na kumwita fundi wa silaha. Mambo ni moto!

Ijumaa, 7 Machi
Sina nguvu ya kuandika. Naandika.

Kikao kilifanyika ofisini kwa mwenyekiti. Fundi alisoma ripoti kimya hadi ukurasa wa tatu, akarudi nyuma, akausoma tena. Akaifungua bastola. Akaeleza, bila kunitazama, kwamba risasi hizi hugongwa na pini ya nyundo ukingoni mwa kitako. Kukiwa hakuna risasi, pini haina cha kugonga isipokuwa chuma cha tundu lenyewe. Ukifyatua tupu bastola ya aina hii, unaitia makovu.

“Hii ilikuja nzima,” akasema. “Aliyeiharibu ameweka sahihi hapa chini.”

Mwenyekiti akauliza kama nilisoma kijitabu kilichokuwemo ndani ya boksi. Nikamweleza ukweli: nilikikunja nikakiweka chini ya mguu wa meza, kwa sababu meza inayumba.

Shemeji kakabidhiwa funguo. Mimi nilikuwa wa kufukuzwa. Ni yeye aliyeomba nibakizwe, kwa hiyo nimebakizwa, ila nje, kubandika karatasi za shabaha. Silaha nisiguse tena. Miaka kumi na mmoja! Nilijifungia chooni nikalia, na niliposikia mtu anaingia nikavuta maji.

Jumapili, 9 Machi
Shemeji kaja kula. Hakugusia habari ya bastola. Kanisogezea kipande kikubwa cha nyama, kauliza habari ya mgongo wangu. Mke wangu akanivuta jikoni.

“Kaka alimpigia mwenyekiti magoti kwa ajili yako,” akasema. “Toka hapo ukamshukuru.” Macho yake yalikuwa mekundu.

Sikumshukuru. Mtu hapigi magoti bure. Kuna kitu anaficha, na mimi ndiye nitakayekifichua. Alipokwenda kunawa, nikachukua koti lake jipya alilolitundika kwenye kiti, nikalikagua. Mshono wa bega ulionekana dhaifu kidogo. Nikauvuta kuhakikisha. Nikauvuta tena, mara ishirini. Bega limechanika lote! Nimeandika kila kitu, na nimetia sahihi.