Malalamiko Yangu Dhidi ya Kuponywa Mgongo Bila Kisu

Kwa Mganga Mfawidhi,
Hospitali Kuu,
Jengo la Wagonjwa wa Nje, ghorofa ya pili.

Ndugu Mganga Mfawidhi,

KUHUSU: MTUMISHI WAKO WA CHUMBA CHA MAZOEZI KUNIPONYA KINYUME NA MATARAJIO YA FAMILIA

Habari za kazi, na poleni na wagonjwa. Mimi ni mshonaji wa nguo za maharusi, mama wa watoto ambao wote wameshajitegemea, mtu mzima mwenye akili timamu. Sina mazoea ya kugombana na hospitali. Hata mlipompa mume wangu dawa ya macho ya mtu mwingine nilinyamaza, na macho yakapona. Safari hii nimeshindwa kunyamaza.

Ili unielewe, nianzie pale shingo iliponikamata. Nilikuwa nimepiga magoti sakafuni kwenye chumba changu cha kushonea, natia shanga kwenye pindo la gauni, mama wa bibi harusi amesimama juu yangu kama askari wa zamu. Mara kikasikika kitu kama kijiti kikavu kinavunjwa. Kumbe ni mimi. Nikataka kuinua kichwa, kichwa kikakataa. Maumivu yakateremka begani, yakafuata mkono hadi kwenye kidole gumba, na mengine yakashukia kiunoni, kana kwamba yamegawana zamu. Tangu siku hiyo nikiitwa sikugeuza shingo. Niligeuka mwili mzima, kama kabati linalohamishwa.

Sasa, Ndugu Mganga Mfawidhi, nina wifi. Ni dada mkubwa wa mume wangu. Huyu alipasuliwa kifuko cha nyongo katika hospitali yako hii hii, na mkampa vijiwe vyake aende navyo nyumbani. Anavyo mpaka leo, kwenye kichupa, ndani ya kabati la vyombo vya wageni, katikati ya birika la maua na picha ya harusi yake. Hakuna mgeni aliyewahi kunywa chai pale bila kuonyeshwa. Kwa miaka yote ya ndoa yangu, mimi na yeye tulisalimiana kwa adabu tukaishia hapo. Nikisema nina mafua, alinitazama kama aliyevuka bahari anavyomtazama aliyevuka dimbwi.

Lakini aliposikia shingo imekamata na kiuno hakinyooki, alikuja mbio. Akanizunguka, akanikagua kama fundi anayekagua gari bovu, akatangaza mbele ya ukoo: "Huyu ni wa kisu. Hapa hakuna njia nyingine."

Sitakuficha, nilifurahi. Maumivu yalikuwa ya kweli, nililia nikivaa viatu, lakini nilifurahi. Kuanzia hapo Wifi akawa anakuja kila alasiri. Aliniosha nywele. Alinifundisha namna ya kukohoa baada ya kushonwa, muuguzi gani wa kumwomba maji na yupi wa kumwogopa. Katikati ya mafunzo hayo tulijikuta tunaongea mambo mengine: alivyokuwa akimlea mume wangu mgongoni, alivyomchukia mchumba wangu wa kwanza bila hata kumwona. Alininunulia gauni la kulazwa, la maua madogo, lenye vifungo mbele. Mume wangu, dereva wa lori ambaye alikuwa hajui jiko linawashiwa upande gani, alianza kupika. Nilipewa kochi la mama mkwe, ambalo hata mwenyewe hulikalia siku za wageni tu.

Hivyo ndivyo tulivyofika kwenu, na sanduku. Malalamiko yangu ni haya:

1. Sanduku. Tuliingia kwa daktari mimi, mume wangu na Wifi. Daktari wenu akatazama picha ya mgongo, akanigonga magoti kwa kinyundo, akanikwaruza nyayo, akaniambia nisimame kwa vidole kisha kwa visigino. Akauliza kama miguu inakufa ganzi, kama mkojo unanishinda, kama nakonda, kama napata homa. Hapana, hapana, hapana, hapana. Akatabasamu, jambo ambalo sikuliona kuwa la kitaalamu. "Mama, hapa hakuna cha kupasua." Wifi akauliza kwa niaba ya familia: "Hata kidogo, daktari?" Akasema hata kidogo. Akaeleza kwamba wengi wenye maumivu kama yangu hupata nafuu kwa mazoezi na kwa kubadili namna ya kukaa, ila nikiona miguu inaishiwa nguvu au mkojo hauzuiliki nirudi siku hiyo hiyo. Mtaa mzima uliniona naondoka asubuhi na sanduku. Wengine walinishika mkono kwa machozi. Mtaa huo huo ukaniona narudi mchana na sanduku lile lile, na utepe wa mpira wa kunyooshea mikono. Muuza mkaa aliuliza kama hospitali imefungwa.

2. Tiba yenyewe haina heshima. Yule dada mfupi wa chumba cha mazoezi, mwenye sauti ya mtu anayepanga gwaride, nilimtegemea angalau yeye aniambie nikalale. Akasema kulala sana kunakaza mgongo, nitembee. Nikaomba kola ya shingo, ile nyeupe inayoonekana kutoka mbali. Akasema haitanisaidia. Badala yake niliagizwa nivute kidevu nyuma, kama kuku aliyepata habari asizozitarajia, nikae hivyo kidogo, niachie, nirudie. Kisha nilale chali nivute goti kifuani. Kisha nisimame kwa mikono na magoti, nikunje mgongo kama paka aliyekasirika. Mimi, mkwe wa watu! Mama mkwe alifungua mlango nikiwa paka. Akaufunga polepole, akaenda kumuuliza mwanawe kama ndoa yetu iko salama.

3. Mmeniharibia kesi. Hili naomba ulisome umekaa. Kwa muda mrefu nimekuwa nikisema kwamba mgongo wangu uliharibika siku tulipohamia nyumba hii, nilipobebeshwa upande mmoja wa kitanda cha mama mkwe. Mume wangu akianza ubishi, mimi nilikuwa nagusa kiuno tu, kimya, naye anashusha sauti. Ndoa imekwenda vizuri kwa njia hiyo. Sasa dada wenu akaanza kuhoji: meza ya cherehani ina kimo gani, kiti kina egemeo, taa iko upande gani, nalalia mito mingapi, nikianza kazi nasimama lini. Mume wangu yuko pale pale anasikiliza. Ikaonekana meza ni fupi, kiti ni stuli ya jikoni, mito ni rundo, na kusimama sisimami mpaka nguo iishe. Dada akasema huenda kitanda hakihusiki kabisa. Kinachochosha mgongo ni kukaa mkao mmoja kutwa, mwaka hadi mwaka. Mume wangu alivuta pumzi kama mtu aliyefutiwa mashtaka. Jioni hiyo akainua meza yangu kwa vipande vya mbao, akaleta kiti chenye egemeo, akaniachia mto mmoja. Na tangu hapo akitaka kubishana, anabishana kwa sauti kamili.

4. Nimeanza kupona bila idhini ya mtu yeyote. Sisemi nimepona kabisa. Bado kuna asubuhi naamka nimekakamaa kama nguo iliyokaukia kambani, naweka kitambaa cha moto shingoni, natembea mpaka dukani na kurudi ndipo nalainika. Lakini juzi mume wangu aliniita kutoka mlangoni, nami nikageuza shingo. Shingo peke yake, mwili umebaki ulipo. Tukatazamana. Akafungua kitambaa cha jiko alichojifunga kiunoni, akakiweka mezani, na hajakigusa tena. Kochi limerudi kwa mwenyewe. Na Wifi haji tena. Mara ya mwisho alinikuta nimesimama nakata kitambaa. Akasema, "Ala, kumbe u mzima," akaweka matunda mezani, akaondoka bila hata kukaa. Alasiri zangu sasa ni ndefu sana. Sisemi kwamba namkumbuka. Nasema tu kwamba hospitali ilipaswa kulifikiria jambo hilo kabla ya kunyoosha shingo za watu.

5. Harusi. Hili ndilo zito kuliko yote.

Kazi yangu niliifanya nimeinama. Bibi harusi nilimjua kwa vifundo vya miguu. Uso niliuona baadaye, kwenye picha, umeshapakwa poda. Sasa dada wenu akaagiza kwamba mteja nimpandishe kwenye kibao, mimi nikae kitini, pindo liwe mbele ya macho yangu, na kila baada ya muda niinue kichwa. Nikainua. Bibi harusi wa lile gauni la shanga alikuwa analia. Analia bila sauti, machozi yanaingia kwenye lesi, na mama yake yuko nyuma anaongea na simu habari za viti na mahema.

Nikauliza, kwa ujinga wa mtu aliyezoea mapindo: "Mwanangu, gauni linakubana?"

Akasema: "Gauni halina shida, mama."

Basi. Maneno hayo tu. Lakini mama yake aliyasikia, akakata simu, na mimi pini zikanidondoka mdomoni. Wakatazamana kwenye kioo, mama na mwana, muda mrefu. Kisha binti akaniomba nimfungue vifungo.

Harusi imeahirishwa, wanaojua wanasema imevunjika. Binti amerudi chuoni kumalizia masomo yake ya upimaji ardhi. Gauni linaning'inia kwangu, upande mmoja wa pindo una shanga na mwingine hauna. Mama mtu anatangaza kila mahali kwamba mimi ndiye niliyevunja harusi. Nimemweleza kwamba shingo yangu ilikuwa imetulia zake ikitazama chini, na walioiinua ni watumishi wa hospitali yako. Hajaridhika.

Na si huyo tu. Tangu hapo nimeinua kichwa kwa wateja wengine. Mmoja alikuwa anacheka peke yake, nikalazimika kucheka naye. Mwingine alikuwa amesinzia wima kwa uchovu wa kuhangaikia ndugu, nikamkalisha nikampa maji. Kazi haiendi. Zamani nilikuwa nashona mapindo. Sasa inanibidi nishone watu.

Kwa kuzingatia hayo yote, naomba kwa heshima:

(a) Nipasuliwe. Mahali sichagui, ilimradi kovu lionekane nikiwa nimevaa kawaida. Ikiwezekana nipewe na kitu cha kuweka kwenye kichupa.

(b) Hilo likishindikana, hospitali initambue rasmi kuwa mgonjwa, angalau nyakati za alasiri.

(c) Mama wa bibi harusi aelezwe na hospitali yenyewe kwamba kuona kwangu ni matokeo ya tiba, wala si tabia yangu.

(d) Yule dada mfupi ahamishwe. Apelekwe mbali, kwa watu ambao familia zao zinaweza kustahimili mgonjwa kupona.

Nisalimie daktari wa kinyundo, wauguzi wote pamoja na yule wa kuogopwa, mama wa dirisha la kadi, na mlinzi wa getini aliyenibebea sanduku wakati wa kuingia kisha akajifanya hanioni wakati wa kutoka. Huku nyumbani wote wanakusalimu, isipokuwa mume wangu, ambaye hajui kama naandika.

Wako katika maumivu yanayozidi kupungua,

Mshona Nguo za Maharusi,
nyumba yenye geti la bluu, nyuma ya kiwanda cha matofali.

Tanbihi: Ndugu Mganga Mfawidhi, barua hii nilikuwa nimeshaitia kwenye bahasha Wifi alipobisha hodi. Aliingia kichwa kimelala begani, kama mtu anayesikiliza ukuta. Nikamuuliza kimempata nini. Akasema alikuwa anasafisha dari. Dari, mtu wa umri wake! Nikamuuliza dari imeanza lini kusafishwa. Akasema alasiri hana tena pa kwenda, na katika nyumba nzima ilikuwa imebaki dari tu kusafishwa.

"Kwa nini usije hapa?"

"Nije kufanya nini, na wewe umepona? Anayetembelewa ni mgonjwa."

Nikamwambia, wifi yangu, hata wazima wanakunywa chai. Akataka kuitikia kwa kichwa, kikamuuma. Nikamlaza sakafuni, nikamwekea taulo la moto, nikamwonyesha namna ya kuvuta kidevu. Akauliza kama hiyo ndiyo tiba yenyewe tuliyoifuata siku ile. Nikasema ndiyo. Akacheka, akasema akicheka inauma, akacheka tena. Tulichekea pale sakafuni mpaka mama mkwe akaja kuchungulia, na safari hii hakufunga mlango. Alileta mkeka wake. Habari ya kisu hakuna aliyeitaja.

Kwa hiyo yote ya juu yasitekelezwe. Mama wa bibi harusi nitamfuata mwenyewe. Yule dada abaki hapo hapo alipo; na kama mmeshamwandikia uhamisho, tuelezeni anakopelekwa, tutamfuata kwa basi. Tunakuja Jumatano asubuhi, mimi na Wifi. Tunaomba mkeka wangu uwekwe kushoto kwake, maana kulia hageuki, na tuna mengi ya kuongea.